Alizeti haitamaliza risasi: mwongozo kamili wa kutibu udongo wenye metali nzito kwa mimea, Arusha na Moshi

Mzee mmoja wa Unga Limited, hapa Arusha, aliniita nikamwangalizie uwanja wake. Nyuma ya nyumba ana eneo la karibu robo eka ambalo kwa miaka mingi alimpangisha fundi betri. Fundi amehama, na mzee anataka wajukuu wapate bustani. Nilipomwamkia hakunipa hata nafasi ya kukaa, alinishikisha mfuko wa mbegu za alizeti.

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa alizeti inanyonya sumu yote ya betri. Sasa niambie, nipande msimu mmoja au miwili?"

Niliumia kumjibu, kwa sababu alikuwa ameshanunua mbegu na alikuwa na furaha. Jibu lenyewe limo katika hatua ya nne ya mwongozo huu, na ni la hesabu. Mimea inasaidia sana kwenye udongo ulioharibiwa na metali nzito, ila mara nyingi haisaidii kwa namna tunayosimuliwa. Mara chache inaiondoa metali. Mara nyingi zaidi inaifunga pale ilipo, isipeperuke na vumbi, isishuke na maji, isifike mdomoni mwa mtoto. Ukijua tofauti ya kazi hizi mbili kabla ya kupanda, umejiokolea miaka na fedha.

Hatua ya kwanza: uliza historia ya kiwanja

Metali nzito haina harufu, haibadilishi rangi ya udongo, na mchicha unaweza kustawi juu yake ukapendeza macho. Kwa hiyo uchunguzi unaanza kwa majirani. Waulize wazee wa mtaa nani alikuwa hapo, alifanya kazi gani, maji machafu aliyamwaga upande upi.

Kila kazi ina metali yake. Fundi betri, gereji bubu na wanaoyeyusha chuma chakavu huacha risasi, ile metali laini ya kijivu inayotengenezewa pleti za betri. Risasi iko pia kando ya barabara kongwe, kwa sababu petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa katika nchi za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006 tu, na risasi iliyotua kwenye udongo haiozi wala haihami. Kuta za zamani zenye rangi ya mafuta inayobanduka nazo zitazame.

Penye kazi ya ngozi, shaka ya kwanza ni kromiamu. Penye kuchovya mabati au marundo ya mabati yaliyooza, ni zinki, na mara nyingine kadimiamu huandamana nayo. Kadimiamu huja pia na baadhi ya mbolea za fosfeti na tope la maji taka. Palipokuwa na josho la zamani la ng'ombe, ulizia aseniki, maana majosho ya enzi za ukoloni yalitumia dawa ya aseniki kuua kupe kabla dawa nyingine hazijaingia. Aseniki ipo pia palipotibiwa mbao na nguzo kwa ile dawa ya kijani yenye shaba, kromiamu na aseniki kwa pamoja.

Na Moshi, kwenye vihamba vya kahawa, tatizo ni shaba. Wazee wetu wamepulizia mrututu na dawa nyingine za shaba kwa miongo mingi kupambana na chulebuni na kutu ya majani. Shaba ile haijaenda popote, imekaa kwenye sentimita chache za juu. Habari njema ni kwamba shaba hushikwa sana na mboji, na kihamba chenye migomba na samadi ya kila mwaka kinajitibu kwa kiasi kikubwa. Tatizo hujitokeza pale mtu anapong'oa kahawa, akaacha kuweka samadi, udongo ukawa mchachu, halafu akapanda mboga: miche inadumaa, mizizi inakuwa mifupi na minene. Mwenye shamba la namna hiyo hahitaji mimea maalumu. Anahitaji chokaa na samadi, na anaweza kuruka moja kwa moja hadi hatua ya tano.

Hatua ya pili: zuia chanzo

Hii naipita haraka kwa kuwa iko wazi. Kama maji ya gereji ya jirani yanaingia kwako kila mvua ikinyesha, au unamwagilia kwa maji ya mto unaopokea uchafu wa viwanda na mifereji ya mjini, kama Themi unapokatiza jiji letu, usipande chochote cha kutibu bado. Chimba mtaro wa kukinga, badilisha maji, zungumza na jirani. Akikataa, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha ofisi ya kanda ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, hapa Arusha. Kutibu udongo unaoendelea kulishwa sumu ni kuchota maji kwa pakacha.

Hatua ya tatu: chukua sampuli kama inavyotakiwa

Hapa ndipo watu wengi huharibu. Wanachota udongo koleo moja pale karibu na mlango, wanaupeleka maabara, majibu yanarudi "safi", na mita tano pembeni ndipo betri zilipokuwa zinamwagwa.

Gawa kiwanja kwa matumizi yake ya zamani: palipokuwa karakana, palipokuwa njia ya maji, palipokuwa bustani. Kila sehemu ni sampuli yake. Ndani ya sehemu moja, tembea kwa mwendo wa zigizaga na uchote mahali 15 hadi 20. Ondoa majani na takataka za juu, chimba sentimita 20, kata kipande chembamba cha udongo kutoka juu hadi chini, tia kwenye ndoo ya plastiki. Usitumie ndoo ya bati, itakuongezea zinki. Koleo liwe safi, lisilo na kutu wala rangi inayobanduka.

Changanya vizuri, vunja madonge, toa mawe. Tandaza juu ya karatasi safi, gawa mafungu manne, tupa mawili yanayotazamana, changanya yaliyobaki, rudia hadi ibaki kama nusu kilo. Anika kivulini, siyo juani, na siyo jikoni. Funga kwenye bahasha ya khaki, andika tarehe, sehemu, kina. Fanya hivyo kwa kila sehemu.

Sampuli mbili za ziada ambazo watu huzisahau ndizo zenye thamani kubwa. Ya kwanza ni ya sentimita 5 za juu tu, pale watoto wanapochezea, kwa sababu vumbi analolamba mtoto hutoka hapo. Ya pili ni ya mahali unapoamini hapajaguswa, hata kama ni kwa ndugu yako mtaa mwingine wenye udongo wa aina ileile. Udongo wetu wa volkano una metali zake za asili, na bila sampuli ya kulinganisha hutajua kipi kimeletwa na binadamu na kipi kilitoka na Mlima Meru.

Maabara unayoichagua iulize kwanza kama inapima jumla ya risasi, kadimiamu, kromiamu, shaba, zinki na aseniki. Kipimo cha kawaida cha rutuba, kile cha naitrojeni, fosforasi na potasiamu, hakigusi metali hizi hata moja. Pa kuanzia kuulizia ni Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, Mkemia Mkuu wa Serikali, Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Tanga. Omba na kiwango cha tindikali (pH) na kiasi cha mboji. Vipimo hivi viwili vya bei ndogo ndivyo vitakavyoamua dawa.

Hatua ya nne: soma majibu, kisha piga hesabu

Majibu huja kwa miligramu za metali katika kilo moja ya udongo mkavu. Tanzania ina Kanuni za Viwango vya Ubora wa Udongo za mwaka 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kwa hiyo waombe maabara wakuandikie kiwango cha kisheria kando ya kila jibu. Kwa risasi, ujue viwango vinazidi kukazwa duniani: mwaka 2024 Marekani ilishusha kiwango cha tahadhari kwa udongo wa makazi kutoka miligramu 400 hadi 200 kwa kilo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Sasa hesabu niliyomfanyia mzee, juu ya meza yake, kwa kalamu.

Robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Kina cha sentimita 20 kinatupa mita za ujazo 200. Udongo wetu wa volkano ni mwepesi, tuukadirie tani moja kwa mita ya ujazo. Basi tuna tani 200 za udongo, yaani kilo 200,000.

Tuseme risasi ni miligramu 500 kwa kilo na tunataka ishuke hadi 200. Tunatakiwa kutoa miligramu 300 kwenye kila kilo. Mara kilo 200,000, ni kilo 60 za risasi tupu.

Alizeti au haradali iliyostawi vizuri kwenye robo eka ikikupa tani moja ya mimea mikavu, umepata sana. Risasi hung'ang'ania udongo, na ile kidogo inayoingia hubaki kwenye mizizi. Tukikadiria kwa ukarimu kwamba shina na majani yana miligramu 100 kwa kilo, tani nzima ina gramu 100 za risasi. Gawanya kilo 60 kwa gramu 100: misimu 600. Ukipanda masika na vuli kila mwaka bila kukosa, ni miaka 300.

Mzee alinyamaza. Kisha akauliza swali zuri, ambalo nataka kila msomaji aulize: "Basi hao waliosema alizeti inanyonya walidanganya?"

Hawakudanganya. Habari ile ilianzia Chernobyl. Miaka ya 1990 alizeti ilioteshwa ikielea juu ya bwawa karibu na kinu kile, mizizi ndani ya maji, ili kunasa siziamu na stronti zenye mionzi. Ilifanya kazi. Lakini ile ilikuwa maji, na metali zilizoyeyuka zikielea mbele ya mzizi. Risasi kwenye udongo imejifunga kwenye mfinyanzi na mboji, na mzizi hauifikii. Habari imesafiri, masharti yake yameachwa njiani.

Pima hesabu hiyohiyo kwa metali nyingine uone picha inavyobadilika. Kadimiamu ikiwa miligramu 3 na lengo ni 1, unatakiwa kutoa miligramu 2 mara kilo 200,000, yaani gramu 400 tu. Mmea wenye miligramu 20 kwa kilo unatoa gramu 20 kwa tani moja. Misimu 20, miaka kumi. Ni mingi, lakini ni umri wa mtu. Mzizi hupokea kadimiamu kirahisi kwa kuwa huichanganya na zinki, ambayo mmea unaihitaji.

Aseniki nayo huingia ikijifanya fosfeti. Mwaka 2001 Lena Ma na wenzake kutoka Florida walitangaza kangaga liitwalo Pteris vittata, walilolikuta likistawi kwenye eneo lililokuwa la kutibu mbao. Kangaga hili linahamisha aseniki kutoka mizizini hadi kwenye majani kwa maelfu ya miligramu kwa kilo, na linaota lenyewe Afrika, hasa kwenye kuta za mawe na mahali penye chokaa. Udongo wenye miligramu 60 unaotakiwa kufika 20 una kilo 8 za kutoa kwenye robo eka. Kangaga likikupa nusu tani kavu kwa mwaka yenye miligramu 2,000 kwa kilo, hiyo ni kilo moja kila mwaka. Miaka minane.

Ongeza kidogo kwenye kila jibu, kwa sababu kadiri metali inavyopungua udongoni ndivyo mmea unavyopata kidogo zaidi. Miaka ya mwisho ni mirefu kuliko ya mwanzo.

Fanya hesabu hii kwa majibu yako mwenyewe. Ikizidi miaka 15, achana na wazo la kuvuna metali. Chukua njia ya kuifunga. Kwa risasi na kromiamu, jibu litakuwa kufunga karibu kila mara. Kwa kadimiamu, zinki na aseniki, una uchaguzi.

Mtu akikushauri kumwaga kemikali za kuyeyusha risasi ili mmea uinyonye haraka, mkatalie. Zipo, na kweli zinaongeza kiasi kinachoingia mmeani, lakini sehemu kubwa ya risasi iliyolegezwa hushuka na mvua kuelekea maji ya chini. Sisi wa miji hii tunakunywa chemchemi na visima.

Hatua ya tano: andaa udongo

Anza kwa kulowanisha. Usichimbe udongo wa namna hii ukiwa mkavu, maana vumbi lake ndilo hatari kuliko kitu kingine chochote katika kazi yote. Vaa viatu vya mpira, glavu na barakoa. Viatu vibaki kwenye kiwanja, nguo zifuliwe peke yake. Mama mjamzito na watoto wasiguse kazi hii. Na hapa niseme wazi kwa kina mama wanaotamani udongo wakiwa wajawazito: udongo wa kiwanja usiwekwe mdomoni kamwe, hata ule unaonukia vizuri baada ya mvua.

Samadi iliyoiva vizuri ndiyo dawa ya kwanza, karibu kwa kila metali. Kilo 5 kwa mita moja ya mraba, yaani kama nusu debe, ichanganywe kwenye sentimita 15 za juu. Kwa robo eka ni tani 5. Hakikisha inatoka kwa ng'ombe wasiolishwa majani ya kando ya barabara kuu, usijiletee risasi nyingine.

Dawa ya pili hutegemea metali, na hapa kosa ni baya.

Kwa risasi, kadimiamu, zinki na shaba, udongo mchachu ni adui, kwa kuwa uchachu hulegeza metali. Weka chokaa ya kilimo hadi pH ifike 6.5 au 7. Gramu 200 kwa mita ya mraba ni mwanzo mzuri kwa udongo wenye uchachu wa kati, kisha pima tena baada ya miezi mitatu. Kwa risasi ongeza fosfeti. Mbolea ya Minjingu inachimbwa hapa jirani Manyara, nayo inaleta fosforasi na kalisi kwa pamoja. Fosfeti hukutana na risasi ikatengeneza dutu ngumu isiyoyeyuka kwa urahisi, hata tumboni. Udongo wetu wa Meru na Kilimanjaro una tabia ya kuificha fosfeti, kwa hiyo usitegemee kiasi kile kinachotosha kwa udongo wa kichanga.

Kwa aseniki, geuza kila kitu. Fosfeti huisukuma aseniki itoke kwenye chembe za udongo na kuingia majini, na chokaa nyingi nayo huilegeza. Eneo la josho la zamani usiweke Minjingu. Ndiyo sababu majibu ya maabara yawe na aseniki kabla hujanunua mfuko hata mmoja.

Kwa kromiamu, kuna sura mbili, ambazo wakemia huziita kromiamu ya tatu na kromiamu ya sita. Ile ya tatu ni tulivu, ile ya sita ni sumu kali na inasafiri na maji. Samadi na mboji hubadilisha ya sita kuwa ya tatu, kwa hiyo hapo weka samadi nyingi, na chokaa uiweke baada tu ya maabara kukuhakikishia kwamba ya sita haipo.

Hatua ya sita: panda

Kwa kufunga, chaguo langu la kwanza ni vetiva, aina ya nyasi ndefu. Mizizi yake huenda chini mita mbili hadi tatu, haitoi mbegu za kuvamia shamba la jirani, inavumilia udongo mbaya, na metali nyingi inazozishika hukaa mizizini. Panga mistari yake ikingamane na mteremko. Gawa shina kubwa kuwa vipando vya machipukizi mawili au matatu, kata majani yabaki sentimita 20 na mizizi sentimita 10, panda kila baada ya sentimita 15 mwanzoni mwa masika. Kati ya mstari na mstari acha mita moja. Kwa robo eka nzima hiyo ni karibu vipando 6,700, na kununua vyote ni gharama, hivyo anza na mashina mia moja kwenye kitalu cha udongo safi mwaka mmoja kabla, uyagawe mwenyewe. Mwagilia miezi miwili ya mwanzo mvua ikikatika.

Kati ya mistari, panda ukoka. Usiache udongo wazi hata kiganja. Kwa risasi, zulia hili la kijani ndilo tiba yenyewe, kwa sababu njia kuu ya risasi kuingia mwilini mwa mtoto ni vumbi na mikono, siyo mizizi. Pepo za kiangazi za hapa Arusha zikikuta ukoka, hazina cha kubeba.

Mnyonyo nao unavumilia sana na hauliwi, lakini mbegu zake ni sumu kali. Penye watoto usiupande.

Kwa kuvuna kadimiamu na zinki, haradali na alizeti zina nafasi yake. Haradali panda mistari ya sentimita 30, alizeti sentimita 75 kwa 30, vuna zinapoanza kutoa maua, kabla majani hayajapukutika na kurudisha metali chini. Ng'oa alizeti na mizizi yake. Haradali ni ndugu wa karibu wa loshuu na figiri tunazokula, na ndugu hawa wana tabia zinazofanana: wote wanabeba. Jirani akikuona umepanda haradali nzuri atakuja kuomba majani ya ugali. Mweleze mapema.

Kangaga la aseniki linataka kivuli kidogo, unyevu, na udongo usio mchachu. Lipandwe sentimita 30 kwa 30, lisivunwe mwaka wa kwanza hadi liwe na majani mapana, kisha kata mara moja au mbili kwa mwaka ukiacha kitako kichipue.

Kila njia uliyochagua, zungushia ua. Mbuzi wa Arusha hawasomi mabango. Michongoma inafaa, upande wa Moshi nimeona mtu akizungushia masale, na kwa kuwa Mchaga anajua masale ni mpaka wa heshima, hakuna aliyekatiza.

Hatua ya saba: mavuno yaende wapi

Mtu anaweza kufanya yote vizuri hadi hapa, kisha akaiharibu kazi kwa siku moja.

Usilishe mifugo. Uchagani, ambako ng'ombe wanafugwa ndani na majani yanatafutwa kila asubuhi, hatari hii ni ya kweli kabisa: mtu anaona vetiva changa au mashina ya alizeti yamelundikwa, anabeba mzigo, na metali inaishia kwenye maini ya ng'ombe na kwenye maziwa. Usichome moto. Kadimiamu na aseniki hupanda na moshi, kilichobaki ni majivu yenye sumu iliyokolea. Usitie kwenye shimo la mboji ya bustani nyingine. Usiezekee banda, usitandaze chini ya kuku, usikamue mafuta ili mashudu yauzwe.

Kwa njia ya kufunga ni rahisi: majani ya vetiva unayopunguza yalaze hapohapo kati ya mistari yaoze. Hayaongezi kitu ambacho hakikuwepo.

Kwa njia ya kuvuna, kausha mimea chini ya paa juu ya turubai, pima uzito, andika, funga kwenye mifuko ya salfeti, weka mahali pakavu palipofungwa. Hiyo sasa ni taka hatarishi kisheria. Wasiliana na NEMC wakuelekeze kwa mwenye kibali cha kuipokea, na fanya mazungumzo hayo kabla ya kupanda, maana ukikosa pa kuipeleka ni bora ukabaki na njia ya kufunga. Kwa kangaga la aseniki, bila jibu la swali hili usianze kabisa.

Hatua ya nane: mle nini wakati mnasubiri

Bustani ya viroba. Leta udongo safi uliopimwa, changanya na samadi, jaza viroba au matuta yaliyoinuliwa sentimita 30 na kutandikwa turubai nene chini. Mchicha, sukuma wiki na mnavu vioteshwe humo tu. Mboga za majani ndizo zinazobeba metali nyingi kuliko mazao mengine, zikifuatiwa na mizizi kama karoti. Matunda na nafaka hubeba kidogo zaidi. Mgomba au mparachichi ulioko tayari kwenye kiwanja hauna haja ya kukatwa kwa pupa. Mpunga ni habari tofauti: shamba likijaa maji aseniki hulegea, likikaushwa kadimiamu hulegea, hivyo kwenye udongo wenye hizi mbili usilime mpunga.

Ukitaka uhakika, peleka mboga yenyewe maabara. Kiwango cha kimataifa cha Codex kwa mboga za majani ni miligramu 0.3 za risasi na 0.2 za kadimiamu kwa kilo ya mboga mbichi. Osha kwanza kwa maji mengi kabla ya kupima, kwa kuwa sehemu kubwa ya risasi inayoonekana kwenye majani ni vumbi lililotua juu. Na kama watoto wameishi kwenye kiwanja hicho, mwombe daktari kipimo cha risasi kwenye damu. Mtoto anaweza kuwa nayo bila dalili yoyote ya macho.

Hatua ya tisa: pima tena

Kwa njia ya kuvuna, rudia sampuli kila mwaka, mwezi uleule, kwa zigizaga ileile, maabara ileile. Tofauti ndogo ya mwaka mmoja usiifurahie wala usiihuzunikie, kwani inaweza kuwa ya uchotaji tu. Tazama miaka mitatu kwa pamoja, ukilinganisha na uzito wa mimea uliyotoa.

Kwa njia ya kufunga, jumla ya metali haitashuka, na hilo siyo kushindwa. Unachopima ni pH, isiteremke chini ya 6.5, na vumbi. Pangusa dirisha la nyumba kwa kitambaa chenye unyevu kila wiki mwezi wa nane, na ukiona vumbi jekundu la kiwanja limerudi, tafuta pale ukoka ulipokufa.

Mzee wa Unga Limited alipanda vetiva masika iliyofuata, na mbegu zake za alizeti tulizipeleka kwa binti yake Usa River, kwenye shamba ambalo halijawahi kuona betri. Wajukuu wana viroba kumi na viwili vya mchicha upande wa mbele wa nyumba. Nikipita huwa nakagua kona ya kusini, pale maji ya paa yanapoangukia, kwa sababu mvua kubwa hufukua mstari wa pale kila mwaka, na kila mwaka tunazibia kwa vipando vipya na debe mbili za samadi.